Shikamoo ya Siku ya Kwanza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi moja: kuokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na fundi akishashona mpaka jioni, sakafu hubaki kama imeota miiba. Sindano alipiga magoti chini ya meza, akapitisha sumaku huku na huku, na pini zikaruka zenyewe, tik, tik, tik, zikajibandika. Sumaku hiyo ilitoka kwenye spika ya redio mbovu. Bibi ndiye aliyeichomoa, zamani, akasema redio imekufa lakini moyo wake bado unafanya kazi.

Bibi ndiye pia aliyempa jina la Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakai mahali pamoja. Miaka yake ya mwisho Bibi hakuwa akiona vizuri. Mtu akiingia kimya alishtuka, akamwaga chai. Kwa hiyo Sindano alizoea kusalimu kwanza na kuangalia baadaye. Mguu ukikanyaga tu kizingiti, mdomo ulikuwa umeshasema: "Shikamoo!" Na kutoka ndani, hata kama Bibi alikuwa anasinzia, jibu lilikuja bila kuchelewa: "Marahaba, Sindano."

Bibi alifariki. Baada ya msiba mama alifunga cherehani yake kwa kamba, wakahamia mjini, kwenye chumba ambacho mlango wake ulitazama barabara. Mbele ya pazia walishona, nyuma ya pazia walilala. Miezi mitatu ilikuwa imepita, na leo Sindano, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa anaanza shule mpya.

Mama alimnyoosha kola, akamgeuza, akakata uzi uliokuwa unaning'inia kwenye sketi.

"Ukifika, changamka," alisema. "Usikae kama mgonjwa anayesubiri dawa."

"Na wasipotaka kuongea na mimi?"

"Utawaanza wewe. Marafiki hawaokotwi kwa sumaku, mwanangu."

Shuleni, mama alimkabidhi kwa mwalimu wa darasa la tano, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Mwalimu alikuwa na daftari nyingi mikononi. "Nenda tu, mlango wa tatu," alisema. "Nakuja sasa hivi."

Sindano alihesabu milango. Mbele ya ubao wa darasa la tano alisimama mtu mrefu, mgongo umeelekea mlangoni, sweta la bluu, chaki mkononi. Alikuwa anaandika tarehe kwa herufi zilizonyooka kama zimepigwa rula. Sindano alikanyaga kizingiti.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mkono wenye chaki ulisimama. Darasa likalipuka kwa kicheko. Waliokaa walisimama, waliosimama walishika matumbo. "Marahabaaa!" aliitikia mmoja kutoka nyuma kwa sauti nzito ya mzee.

Yule mtu aligeuka. Chini ya sweta ilionekana sare ile ile aliyovaa Sindano. Alikuwa msichana, mwanafunzi. Darasani walimwita Mrefu, na jina hilo hakulichukia, maana lilikuwa kweli. Alimtazama mgeni, akaona macho yalivyomtoka, akatabasamu kidogo.

"Hujambo," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ni mwanafunzi kama wewe. Njoo, dawati langu lina nafasi."

Lakini masikio ya Sindano yalikuwa yanawaka moto. Kabla hajajibu, mvulana mwenye meno mapana alimfikia kwa kuruka madawati. Huyo walimwita Redio, kwa sababu alifunguliwa na kengele ya asubuhi na kuzimwa na kengele ya jioni.

"Wewe mgeni, umetuua!" alisema akifuta machozi ya kicheko. "Hebu sema kweli. Ulifanya makusudi, au ulidhani yule ni mwalimu kweli?"

Darasa zima lilisubiri. Sindano aliona njia mbili. Akisema alikosea, atakuwa mshamba asiyejua tofauti ya mwalimu na mwanafunzi, na ataitwa hivyo mpaka darasa la saba. Akisema vingine, basi.

"Makusudi," alisema. "Nilimwona alivyo, nikasema ngoja nimwamkie."

Redio alijipiga paja. "Nimewaambia! Huyu mkali! Sogeeni huko, mgeni anakaa na sisi."

Watu watatu walibanana, nafasi ikapatikana. Sindano alikaa. Alipoinua macho alimwona Mrefu anapangusa vumbi la chaki vidoleni, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha Mrefu alikwenda kwenye dawati lake, akachukua mkoba, akauweka pale palipokuwa na nafasi.

Jioni ile Sindano alirudi nyumbani anarukaruka.

"Mama, nimepata marafiki saba!"

"Saba? Kwa siku moja? Mimi tangu tufike hapa sijapata hata wateja saba. Uliwafanyia nini?"

"Niliwasalimu tu," alisema Sindano. Ulikuwa ukweli, lakini ulikuwa umekatwa kati.

Wiki mbili zikaenda vizuri. Redio na wenzake walimwonyesha bomba ambalo lazima ulipige ngumi ndipo litoe maji, na upande wa darasa ambao jua halipigi mchana. Walimfundisha kuruka kamba ya watu wawili. Alicheka sana, na usiku mmoja mmoja tu ndipo alipomkumbuka Bibi mpaka akajifunika shuka kichwani. Marafiki ni dawa, alijiambia.

Tatizo lilikuwa moja. Mzaha wake ulikuwa haujaisha. Redio aliuchukua akauongezea maneno, na kila asubuhi Mrefu akiingia darasani, walisimama kwa adabu kama mbele ya mgeni wa heshima.

"Shikamoo, mzazi!"

"Mzazi, umekuja kikao?"

"Mzazi, mwanao yuko darasa la ngapi?"

Kisha wote walimgeukia Sindano, kama watu wanaomgeukia mtunzi wa wimbo, na Sindano alicheka nao. Mwanzoni alicheka kwa sauti. Baadaye alicheka kwa mdomo tu.

Mrefu alianza kutembea ameinama, mabega mbele, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Alianza kufika kengele ikiwa imeshalia, ili waliokaa wasipate nafasi ya kusimama. Jumanne ya wiki ya tatu aliandika tarehe ubaoni kama kawaida. Redio akasema, "Mzazi ana mwandiko mzuri, wa kizamani." Darasa likacheka. Mrefu aliweka kipande cha chaki mfukoni, akakaa.

Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa mwalimu wa darasa aliingia, akatazama ubao, akavaa miwani yake.

"Mbona hapa leo bado ni Jumanne?"

Kila mwalimu alifuta katikati na kuandika somo lake, lakini ile kona ya juu ya tarehe ilikuwa kazi ya Mrefu, na hakuna mtu mwingine aliyeifikia bila kupanda kiti.

"Yuko wapi mwandishi wetu?" mwalimu aliuliza.

"Labda anaumwa, mwalimu," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Sindano alichora duara kwenye daftari, akalizungushia lingine, na lingine, mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi hakukuwa na shule. Sindano alikuwa chini ya meza na sumaku yake, mama anakanyaga cherehani, mtu alipobisha hodi.

"Karibu, baba," alisema mama.

Kutoka chini Sindano aliona buti nyeusi zenye vumbi na pindo la koti refu la mlinzi. Macho ya yule baba yalikuwa mekundu kwa kukesha; alikuwa mlinzi kwenye ghala la saruji, barabara ya pili, na alikuwa ametoka zamu. Alifungua gazeti mezani. Ndani kulikuwa na sare ya shule, sketi na shati, zimefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Ni za binti yangu mkubwa, fundi. Nataka uzipunguze, zimtoshe mdogo wake."

"Mkubwa umemshonea mpya?"

"Mkubwa ameacha shule." Baba alikohoa. "Anasema amezeeka. Miaka kumi na minne, fundi, mtu amezeeka!" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Cherehani ilinyamaza. "Nani amemwambia hivyo?"

"Yeye yuko na watoto wa miaka kumi na mmoja. Mama yake alipoumwa, yeye ndiye alikuwa anamlisha, anamwogesha, anamgeuza kitandani. Miaka miwili, mpaka mama yake alipotutoka. Mimi kazi yangu ni ya usiku, ningefanyaje? Aliporudi shule, wenzake walikuwa wameshaenda." Buti zilisogea. "Juzijuzi akaniambia wenzake wanamwamkia shikamoo. Mimi nikafurahi! Nikasema, kumbe watoto wa siku hizi wana adabu. Akaniangalia tu. Baadaye ndipo nikaelewa."

Chini ya meza, Sindano alikuwa ameshikilia sumaku kwa mikono miwili.

"Si umbembeleze kwanza, baba," alisema mama. "Sare hii bado inamtosha."

"Nimembembeleza. Nimegomba. Nimenyamaza. Ameifua mwenyewe, ameikunja mwenyewe, akaniambia nenda nayo kwa fundi. Basi. Nitaipitia jioni nikienda kazini."

Alipoondoka, mama aliinama akachungulia.

"Nembo hii si ya shule yenu? Unamjua binti yake?"

"Simjui sana," alisema Sindano.

Mama alitandaza sketi mezani, akachukua futi ya kupimia, akachukua chaki yake bapa ya fundi. Sindano alisikia chaki inakwaruza kitambaa. Kisha alisikia mkasi unaburuzwa mezani, ule mkasi mkubwa, mzito, ambao yeye hakuruhusiwa kuugusa. Mama aliivuta sketi ili ikae sawa, na kitu kidogo kikaanguka kutoka mfukoni, kikabingirika sakafuni mpaka kwenye goti la Sindano.

Bila kufikiri alipeleka sumaku. Haikukishika. Aliangalia vizuri. Kilikuwa kipande cha chaki, chaki ya ubaoni, kimelika kidogo kwa maji ya kufulia lakini bado kimechongoka upande mmoja kwa kuandika.

"Mama, usikate!"

Alitoka chini ya meza kwa haraka mpaka akagonga kichwa. Mama alikuwa ameshafungua mkasi, kitambaa kiko katikati ya makali yake.

"Nini? Umechomwa pini?"

"Usikate, mama. Ni mimi. Ni mimi niliyeanza."

Maneno yakatoka yote, ya mwisho mbele, ya mwanzo nyuma: mzazi, kikao, Redio, makusudi, ubao, sweta la bluu. Mama alisikiliza mkasi ukiwa mkononi. Ilibidi aulize mara mbili ndipo akaelewa.

"Kwa hiyo siku ile ulipomwamkia, ulidhani kweli ni mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa salamu ya kweli. Ile aliyokufundisha Bibi."

"Ndiyo."

"Ukaigeuza mzaha ili watu wakusogezee kiti."

Mama hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu. Aliondoa mkasi taratibu, akauweka upande wa pili wa meza, akakunja sketi pamoja na mistari yake ya chaki.

"Kitambaa kikishakatwa, mimi siwezi kukirudisha," alisema. "Hiki hakijakatwa. Mpelekee. Jioni baba yake akipita nitamwambia mwenyewe."

"Twende wote, mama."

"Nilikuwepo mimi ulipokuwa unasema makusudi?"

Ilikuwa mchana mweupe. Sindano alitembea na gazeti lake kifuani, akapita duka la misumari, akauliza anapokaa yule mlinzi, akapita ghala la saruji ambalo ukuta wake ulikuwa mweupe kwa vumbi. Nyuma ya ghala, pale alipoelekezwa, palikuwa na nyumba ya mlango wa bati. Mrefu alikuwa amechuchumaa uani na mdogo wake wa miaka saba hivi. Kwa kipande cha mkaa alikuwa amemwandikia herufi sakafuni, zimenyooka kama zimepigwa rula.

"Usiubane hivyo," alikuwa anamwambia mdogo wake. "Shika kama umeshika yai. Hapo. Umeona?"

Sindano alisimama mlangoni. Safari hii aliangalia kwanza.

"Hujambo," alisema.

Mrefu aliinua kichwa. Uso wake ulijifunga.

"Leo shikamoo zimekwisha?"

Sindano alikuwa amepanga maneno njiani kote, yote yakampotea. "Mimi ni mtoto wa fundi. Mama hajaikata. Ina chaki tu, chaki inatoka kwa brashi." Akanyoosha gazeti. Mrefu hakulipokea. "Siku ile sikufanya makusudi. Nilidhani wewe ni mwalimu. Kweli. Bibi yangu alikuwa haoni, kwa hiyo mimi huwa nasalimu kabla sijaangalia. Yeye alikuwa ananiita Sindano. Amefariki." Hakujua kwa nini ameongeza hayo. "Nilisema makusudi kwa sababu niliogopa wataniona mjinga."

"Ukaona bora mjinga niwe mimi."

Mdogo wake Mrefu aliacha kuandika, akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nilijua," alisema Mrefu. "Nilikuona uso. Mtu anayefanya mzaha hatoi macho vile. Ndiyo maana nilikukaribisha kwenye dawati langu. Nikasema huyu amekosea, watamcheka, heri akae na mtu." Alichukua gazeti, akaliweka mapajani. "Umekuja kuniambia kitu ninachokijua. Waliodanganywa ni wao."

"Nitawaambia Jumatatu."

"Watakucheka."

"Najua."

"Redio atakutungia jina kabla hujamaliza."

"Najua. Utakuja?"

Mrefu alitazama herufi za mkaa. "Sijui," alisema. "Nimechoka kuinama."

Jumapili ilikuwa ndefu kuliko wiki. Jumatatu asubuhi Sindano aliokota pini mara mbili, mara ya pili hazikuwepo. Alipofika darasani, kona ya juu ya ubao bado ilisema Jumanne. Dawati la Mrefu lilikuwa tupu.

"Mgeni!" aliita Redio. "Njoo utuchekeshe, watu wamelala hapa."

Sindano hakwenda kukaa. Alisimama pale mbele, mgongo umegusa ubao.

"Siku ile nilipofika," alisema, na sauti ikamkwama, akaanza tena. "Siku ile nilipofika sikufanya mzaha. Niliposema shikamoo, nilidhani yule ni mwalimu kweli. Niliwadanganya."

Kisha Redio akauliza polepole, kama mtu anayeonja kitu, "Subiri. Ulidhani Mrefu ni mwalimu? Mwalimu mwalimu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wewe ndiye mshamba!"

Darasa lilicheka. Lilicheka kama siku ile ya kwanza, lakini sasa vidole vyote vilielekea kwake. "Mshamba! Mwamkie na mlango!" "Mwamkie kifutio!" Masikio ya Sindano yaliwaka moto ule ule. Aliuacha uwake. Aligundua jambo la ajabu: ulikuwa moto mdogo kuliko alivyoukumbuka.

"Chekeni," alisema. "Ni haki yangu kuchekwa, mimi ndiye niliyekosea. Lakini yeye hajakosea chochote. Aliacha shule miaka miwili kumuuguza mama yake mpaka akafariki. Mimi Bibi yangu aliumwa wiki mbili tu, na nilichoka. Tumemwita mzazi, na yeye hana mzazi wa kike. Sasa ameacha shule tena, na safari hii ni kwa sababu yetu."

Kicheko kilikatika vipande vipande, wengine kabla, wengine baadaye, mpaka kikabaki cha mtu mmoja wa nyuma ambaye hakuwa amesikia vizuri, naye akapigwa kiwiko.

"Hatukujua," alisema Redio.

"Hata mimi sikujua. Lakini hatukumuuliza."

"Endeleeni," ilisema sauti mlangoni. Wote waligeuka. Mwalimu wa darasa alikuwa amesimama na daftari zake, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Nyuma ya bega lake, juu kidogo, lilionekana sweta la bluu.

Redio alisimama wima. "Shika…" alianza, akamwona Mrefu, akaogopa neno lake mwenyewe, akanyamaza.

"Malizia," alisema mwalimu. "Hilo neno lina nusu ya pili."

"…moo, mwalimu."

"Marahaba. Umeona? Halijakuuma." Mwalimu aliingia, akaweka daftari mezani. "Mimi mwenyewe, siku yangu ya kwanza kazini, nilimwamkia mpishi wa shule nikidhani ndiye mwalimu mkuu. Nikamweleza na vyeti vyangu vyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, marahaba, mwanangu, kunywa chai, mwalimu mkuu ni mlango wa pili. Mpaka leo ni rafiki yangu. Kukosea salamu ni jambo dogo sana. Mnachokifanya baada ya kukosea, hicho ndicho kikubwa."

Alitazama ubao. "Darasa langu liko Jumanne ya wiki iliyopita. Nani atatutoa huko?"

Mrefu alipita kati ya madawati. Sketi yake ilikuwa na mstari hafifu mweupe juu kidogo ya pindo, chaki ya fundi iliyokuwa haijatoka yote. Hakuinama. Alitia mkono mfukoni, hakupata kitu. Sindano, aliyekuwa bado amesimama pale, alifungua kiganja. Kipande cha chaki kilikuwa kimelowa jasho.

"Kilianguka kwetu," alisema.

Mrefu alikichukua, akafuta Jumanne, akaandika Jumatatu na tarehe yake. Alipomaliza, Redio alikuwa amesimama mbele yake, anakuna shingo.

"Nisamehe," alisema. "Mwandiko wako si wa kizamani. Ni mzuri. Wangu unafanana na kuku aliyekanyaga wino."

"Nimeuona," alisema Mrefu. "Umemtukana kuku."

Darasa likacheka, na Redio ndiye aliyecheka zaidi. Mrefu alikwenda kwenye dawati lake, akauinua mkoba wake kutoka kwenye kiti, akauweka chini miguuni. Sindano alikwenda akakaa pale.

Alasiri, Sindano alikuwa chini ya meza na sumaku. Mrefu alikuwa ameahidi kupita ili mama atoe ile chaki na kushusha pindo, maana kwa ndani, mama alisema, kulikuwa bado na vidole vitatu vya kitambaa. Mtu anaweza kurefuka bila wasiwasi.

"Kwa hiyo umebaki na marafiki wangapi?" mama aliuliza kutoka juu.

"Redio ananiita Mshamba. Lakini ameninunia kidogo tu, mpaka mapumziko." Sindano alihesabu. "Wawili, nadhani. Labda watatu."

"Ngoja nitoe pini mdomoni niseme vizuri." Mama alizitoa. "Ungesema umekosea siku ile ile, wangekucheka mpaka mapumziko, kama leo. Uongo wako ulimfanya mwenzako achekwe wiki tatu. Ukitafuta marafiki, mwanangu, ingia na kosa lako na ukweli wako, usijifiche nyuma ya aibu ya mtu mwingine. Na ukiingia mahali, usimkimbilie anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Angalia nani amekusogezea nafasi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Basi. Kuna pini pale kwenye mguu wa meza."

Sindano alijikunja kuifikia. Nyuma yake mtu alikanyaga kizingiti. Alikuwa ameelekea ukutani, hakuona ni nani, na mdomo ulikuwa na mazoea yake.

"Shikamoo!" alisema.

Papo hapo akajua, akang'ata ulimi. Mlangoni pakawa kimya, lakini kwa muda wa pini moja kuruka na kujibandika, tik. Kisha jibu likaja, na ndani yake kulikuwa na kicheko kilichozuiliwa.

"Marahaba, Sindano."